Mkanda wa shaba wenye mpangilio wa mchemraba kwa rola ya sonara: mwongozo kwa wanaoanza kazi ya supakondakta

Maswali ya wanaoanza ni machache na yanafanana. "Naweza kutumia bomba la shaba la friji?" "Mkanda umetoka tanurini mlaini, unang'aa, mbona eksirei inaonyesha chembe zimetazama kila upande?" "Nikigonga kwa nyundo badala ya rola kuna ubaya gani?" "Kwa nini wenzangu wanapata na mimi sipati, na tanuri ni lile lile?"

Mwongozo huu unayajibu kwa kazi ya mikono. Ukiufuata utapata mkanda wa shaba wenye unene wa milimita 0.15, ambao fuwele zake nyingi, yaani zile chembe zinazojenga chuma, zimepangika kama matofali ya ukuta mmoja: uso wa mchemraba umetazama juu, na ukingo wake umefuata urefu wa mkanda. Huo ndio mpangilio wa mchemraba, na ndio unaotafutwa kwenye mikanda ya msingi ya supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani.

Shaba hapa ni ya kujifunzia. Viwandani hutumika nikeli iliyochanganywa na tungisteni, lakini nikeli inadai tanuri la 1,000 °C na kuendelea pamoja na gesi yenye hidrojeni. Shaba inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme Arusha na Moshi, inatii kanuni zile zile, na ukiiharibu hujapoteza mali nyingi.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: mpangilio hujengwa kwenye rola. Tanuri linaudhihirisha tu. Mkanda uliobanwa vibaya hauna joto la kuuokoa, hata ukiupasha siku nzima.

Nadharia ya kutosha kuanzia

Supakondakta aina ya YBCO (kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni) hupoteza ukinzani wote wa umeme chini ya kelvini 92 hivi, kwa hiyo nitrojeni ya kimiminika, yenye kelvini 77, inatosha kuipoza. Arusha nitrojeni hii si kitu kigeni: ndiyo inayohifadhi mbegu za madume kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River. Kupoza si tatizo kubwa. Tatizo ni mipaka ya chembe. Mwaka 1988 watafiti wa kampuni ya IBM walionyesha kuwa chembe mbili za YBCO zikipishana pembe, mkondo unaoweza kuvuka mpaka wao hushuka haraka kadiri pembe inavyokua. Zikipishana nyuzi 4 au 5 tu, mteremko umeshaanza. Kwa hiyo fuwele za YBCO lazima zilale upande mmoja kwa mamia ya mita, na njia mojawapo ni kuziotesha juu ya chuma ambacho chembe zake zimelala hivyo tayari. Maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilitangaza njia hiyo mwaka 1996, kwa jina la RABiTS.

Sasa, kila namna ya kukifanyia chuma kazi huacha alama yake ndani. Shaba ukiigonga kwa nyundo, chembe hugeuka kwa namna ya kugandamizwa: zinakubaliana mwelekeo wa juu na chini, lakini kwa pembeni kila moja ina lake. Ukiivuta kuwa waya, zinakubaliana kwenye urefu wa waya peke yake, kuzunguka mhimili huo hazikubaliani. Rola ndiyo inayobana kutoka juu na kurefusha upande mmoja kwa wakati mmoja, hivyo chembe hufungwa pande zote. Mpangilio wa rola wenyewe bado si mchemraba, ila ndani yake mna mbegu za mchemraba, na joto likija, mbegu hizo hukua na kuwala majirani. Nyundo haiachi mbegu hizo kwa wingi unaotakiwa. Hilo ndilo jibu la swali la nyundo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Basiba ya shaba ya umeme (ule mwamba bapa wa kupitishia umeme), upana milimita 20, unene milimita 5. Kipande cha milimita 30 kinatosha kutoa mkanda wa karibu mita moja. Kata viwili, cha pili kiwe cha kulinganishia.
- Rola bapa ya sonara ya mkono yenye gia, inayofunguka hadi milimita 5 au zaidi. Rola za kipenyo cha milimita 60 hivi ni nzuri. Rola ya waya, ile yenye mifereji, haifai.
- Maikromita inayosoma 0.01 mm. Kalipa peke yake haitoshi ukishashuka chini ya milimita 1.
- Tanuri dogo la umeme lenye kidhibiti cha joto na themokapo (waya wa kuhisi joto). Tanuri la sonara la kuchomea nta au la fundi meno linafaa.
- Kikombe au kipande cha bomba la stenlesi chenye kifuniko, karatasi ya stenlesi, makaa makavu yaliyosagwa, na udongo wa mfinyanzi wa kuzibia.
- Oili ya cherehani, spiriti, vitambaa visivyotoa nyuzi, msasa namba 1000 na 2000.
- Kalamu ya chuma ya kuchorea alama.
- Amonia pasalfeti gramu 10, inayotumika kuondolea shaba kwenye bodi za elektroniki, glavu na miwani ya kazi.
- Kwa kipimo cha kikombe: kikata duara cha milimita 16, na kinu kidogo kitakachochongwa na fundi wa kerezo (vipimo viko hatua ya 8).

Kuhusu shaba yenyewe, usibahatishe. Mabomba ya friji na viyoyozi yametengenezwa kwa shaba iliyotiwa fosforasi, kati ya asilimia 0.015 na 0.040. Ni kidogo mno kwa macho, lakini kinatosha kudhoofisha mchemraba. Shaba ya chuma chakavu iliyoyeyushwa mtaani ni mbaya zaidi kwa sababu inabeba bati na zinki za kila aina. Shaba ya manjano usiiguse kabisa: zinki hubadilisha namna chembe zinavyoteleza, na rola huacha mpangilio wa aina nyingine usiozaa mchemraba. Basiba ya umeme ni safi kwa asilimia 99.9 kwa kuwa uchafu ungepunguza upitishaji wake wa umeme, na usafi huo huo ndio unaotufaa.

Hatua za kazi

1. Pima tanuri kabla ya kuliamini.
Namba ya kwenye kidhibiti ni ya pale ilipo themokapo. Pale utakapoweka mkanda huenda kuna joto jingine. Chukua vikombe viwili vidogo vya kauri. Kimoja weka kipande cha waya wa alumini wa umeme, kingine punje za chumvi ya mezani. Alumini huyeyuka kwenye 660 °C, chumvi kwenye 801 °C. Weka tanuri 700 °C, liache nusu saa, zima. Likipoa, alumini iwe imeyeyuka na chumvi iwe bado punje. Alumini ina ngozi ya oksidi inayoweza kushika umbo la waya hata ikiwa imeyeyuka ndani, kwa hiyo itazame kwa makini: ikiwa imetuna na kulala, imeyeyuka. Fanya jaribio hili tanuri likiwa halina shaba. Alumini na shaba zikigusana huyeyushana kuanzia 548 °C, na mkanda wako utatobolewa.

2. Lainisha basiba mara moja, mwanzoni tu.
Basiba hutoka kiwandani ikiwa ngumu kiasi, na historia yake huijui. Ipashe 450 °C kwa dakika 30 ndani ya kikombe chenye makaa (namna ya kufunga iko hatua ya 6). Lengo ni kufuta yaliyopita na kuacha chembe ndogo. Usitumie moto wa gesi mpaka shaba iwe nyekundu kama wanavyozoea masonara. Wekundu ule hukuza chembe, na chembe kubwa za mwanzo hutoa mchemraba hafifu mwishoni.

Ukitoa, sugua nyuso zote kwa msasa namba 1000 kisha 2000, futa kwa spiriti, na lainisha kingo kwa tupa. Kingo zenye makwaruzo ndizo zinazoanza kupasuka kwenye rola.

3. Chora mshale.
Kwa kalamu ya chuma chora mshale mdogo kwenye ncha moja, ukifuata urefu. Huo ndio mwelekeo wa rola, na hautabadilika mpaka mwisho wa kazi. Kila ukikata kipande, kichoree mshale kwanza, ndipo ukate. Kipande kisicho na mshale hakiwezi kupimwa, maana hutajua masikio ya kikombe yanaelekea wapi.

4. Safisha rola.
Vumbi la Arusha lina punje ngumu za mchanga wa volkano. Punje moja kati ya rola na shaba huacha shimo, na shimo hilo hurudi kila rola inapozunguka. Futa rola kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, pakaza oili ya cherehani tone moja au mawili, kisha sambaza kwa kidole chenye glavu. Angalia pia kama rola ziko sambamba: pitisha kipande cha bati laini kilicho kipana, pima pande mbili kwa maikromita. Tofauti ikizidi 0.02 mm, rekebisha skrubu za juu kabla ya kuendelea. Rola isiyo sambamba hutoa mkanda unaopinda kama mundu.

5. Punguza unene kwa asilimia 10 kila mpito.
Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukosa subira.

Kutoka milimita 5.00 hadi 0.15 ni punguzo la asilimia 97. Hesabu yake: unene wa mwanzo toa unene wa mwisho, gawa kwa unene wa mwanzo, zidisha kwa 100. Chini ya asilimia 90 mchemraba ni dhaifu, kuanzia 95 unajitokeza vizuri, na wanaotengeneza mikanda halisi huvuka 97.

Kwa asilimia 10 kila mpito utahitaji mipito 33. Jipime kwenye vituo hivi:

- baada ya mpito wa 7: milimita 2.39
- baada ya mpito wa 14: milimita 1.14
- baada ya mpito wa 20: milimita 0.61
- baada ya mpito wa 27: milimita 0.29
- baada ya mpito wa 33: milimita 0.15

Andika kila kipimo kwenye daftari. Ukijikuta kwenye milimita 2.39 baada ya mipito mitatu, umebana kupita kiasi. Ukijikuta hapo baada ya mipito ishirini, unapapasa uso tu, na tabaka la nje linakwenda njia yake huku la katikati likibaki nyuma.

Kila baada ya mpito fanya mambo matatu: futa mkanda, geuza ncha iliyotoka mwisho iwe ya kuingia kwanza, na pindua uso wa juu uwe wa chini. Kugeuza huku husawazisha mkwaruzo wa rola pande zote mbili. Mhimili unabaki ule ule, urefu kwa urefu. Usipitishe mkanda kwa upana hata mara moja. Mpito mmoja wa kukatiza unavuruga kazi ya mipito kumi iliyotangulia.

Shaba itakuwa ngumu kadiri unavyoendelea. Mwanzoni ni laini. Ikifika karibu milimita 1 inakuwa kama springi: ukiibonyeza inarudi, ukiidondosha mezani inalia kama bati. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ugumu ule ni nguvu iliyofungwa ndani ya chuma, na tanurini nguvu hiyo ndiyo itakayosukuma mbegu za mchemraba zikue.

Na hapa lipo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Desturi ya sonara ni kulainisha chuma kwa moto kila kinapokuwa kigumu, na kwa pete na hereni ana haki kabisa. Kwa mkanda huu, moto wa katikati unafuta hesabu na kuanza upya. Chukua mfano: umetoka milimita 5 hadi 1, ukapasha, kisha ukashuka hadi 0.15. Punguzo linalohesabika ni lile la baada ya moto, kutoka 1 hadi 0.15, yaani asilimia 85 tu. Umefanya kazi yote na mchemraba umeukosa. Kama rola ni ya mtu mwingine na ndiye anayezungusha mpini, mwombe mapema na kwa heshima: "Shikamoo fundi, mkanda huu naomba usiguse moto hata ukiwa mgumu vipi. Ugumu wake ndio ninaoutafuta." Asipoambiwa ataupasha kwa nia njema.

Chini ya milimita 0.3 hali ya rola inabadilika. Eneo linalogusana na mkanda sasa ni refu ukilinganisha na unene wenyewe: kwa rola ya kipenyo cha milimita 60 na mkanda wa 0.15, mpito wa asilimia 10 unagusa urefu wa milimita 0.67 hivi, zaidi ya mara nne ya unene. Msuguano unashika usukani na uso wa mkanda unaanza kuburutwa. Kwa hiyo mipito ya mwisho iwe ya asilimia 5 hadi 7, oili ibadilishwe kila baada ya mipito miwili, na mkanda uingie ukiwa umenyooshwa kwa mkono. Idadi ya mipito itazidi 33 kidogo, hilo halina tatizo.

Mkanda ukiwa mrefu wa kusumbua, ukate. Kata kingo za pembeni pia, milimita 2 kila upande, ukishafika unene wa mwisho. Kingoni chuma kilipata nafasi ya kutanuka kwa upana, kwa hiyo mpangilio wake ni tofauti na wa katikati. Unabaki na upana wa milimita 16 na kidogo.

6. Funga vipande kwa ajili ya tanuri.
Kata vipande vya milimita 60. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, futa kwa spiriti, na kuanzia hapo shika kwa koleo. Alama ya kidole chenye mafuta huonekana kama doa baada ya joto. Weka kila kipande kati ya karatasi mbili za stenlesi, vipande visigusane. Shaba safi ikigusana na shaba kwenye 700 °C hushikana, na ukizibandua unazikunja.

Makaa yasagwe na yakaushwe kwanza kwenye 200 °C kwa saa moja. Ukavu huu ni wa lazima. Basiba ya kawaida ina oksidi kidogo ndani yake, na makaa yenye unyevu hutoa hidrojeni yakipashwa. Hidrojeni huingia kwenye shaba, hukutana na ile oksidi na kuwa mvuke wa maji usio na pa kutokea, basi mipaka ya chembe hupasuka. Ndiyo sababu pia hutakiwi kutumia gesi yenye hidrojeni kwa shaba ya basiba. Mwenye argoni safi au nitrojeni safi atumie hiyo na kuacha makaa.

Jaza kikombe cha stenlesi: makaa chini, bahasha ya stenlesi katikati, makaa juu, kifuniko, halafu ziba kwa udongo ukiacha tundu dogo kama la sindano nene. Usitumie kopo la mabati wala kopo la maziwa. Zinki ya kwenye mabati hugeuka mvuke, hula shaba kuifanya ya manjano, na moshi wake ni sumu.

Onyo lisilo na mjadala: makaa ndani ya chombo kilichozibwa hutoa gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko ndani wakati wa baridi ya Juni na Julai. Tanuri liwe mahali penye hewa inayopita, milango na madirisha wazi, na hakuna anayelala au kukaa karibu nalo.

7. Pasha 700 °C kwa saa moja.
Panda taratibu, nyuzi 5 hadi 10 za joto kwa dakika. Ukifika 700 °C hesabu dakika 60. Zima, liache lipoe lenyewe bila kufungua mlango, na usifungue kikombe mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu. Ukifungua kingali moto, hewa inaingia na shaba inageuka nyeusi mbele ya macho yako.

Usifikiri kwamba joto zaidi ni bora zaidi. Shaba huyeyuka kwenye 1,085 °C, lakini tatizo linaanza mapema zaidi: ukiipandisha kuelekea 900 na kuendelea, chembe chache zisizo za mchemraba zinaweza kukua hadi kuonekana kwa macho na kumeza zile ulizozihangaikia.

8. Pima kwa kikombe.
Mpeleke fundi wa kerezo vipimo hivi: kidude cha kusukuma chenye kipenyo cha milimita 9, ncha yake imeviringwa kidogo, kinu chenye tundu la milimita 9.4, mdomo wake umeviringwa kwa milimita 1 na kung'arishwa. Na bamba la kushikilia duara lisikunjamane, lifungwe kwa skrubu mbili kwa mkono tu.

Kata duara la milimita 16 kutoka kwenye mkanda uliopashwa, ukichora mshale katikati. Paka oili, bana, sukuma taratibu kwa jeki au vaisi mpaka kikombe kipite chote. Kisimamishe mezani utazame mdomo wake. Hautakuwa sawa: kuna vilima na mabonde. Vilima hivyo ndivyo huitwa masikio.

Masikio manne, mawili kwenye mstari wa mshale na mawili kuukata kwa nyuzi 90, maana yake mchemraba umetawala. Masikio manne kwenye nyuzi 45 kutoka kwenye mshale ni dalili kwamba mpangilio wa rola bado upo. Mdomo ulio karibu sawa kote unasema chembe zimetawanyika, au makundi mawili yamefutana. Fanya vikombe vitatu kabla ya kuamini, maana kimoja kinaweza kuwa kimebanwa upande.

9. Pima kwa mwanga.
Yeyusha gramu 10 za amonia pasalfeti kwenye mililita 90 za maji. Vaa glavu na miwani. Tumbukiza kipande dakika moja hadi mbili, suuza, kausha. Dawa hii inakula kila chembe kwa kufuata nyuso zake za ndani, hivyo chembe zilizolala sawa zinarudisha mwanga kwa pembe moja.

Simama chini ya taa moja, au dirishani asubuhi, na uinamishe mkanda polepole. Mkanda mzuri unawaka wote kwa pamoja kisha unazima wote kwa pamoja, kama kioo, na ukiuzungusha robo duara unawaka tena kwenye mwinamo ule ule. Vidoa vinavyowaka kwa wakati wake ni chembe zilizoasi. Zihesabu kwa lenzi ya sonara, na hesabu hiyo iandike. Mkanda mbaya unametameta kama mchanga wa mtoni popote unapouinamisha.

Dawa iliyobaki usiifungie kwenye chupa iliyokazwa, hutoa gesi na kuipasua. Usiimwage mtaroni pia, ina shaba ndani yake.

Mwenye nafasi ya kutumia mashine ya eksirei yenye mionzi ya shaba atazame vilele viwili: cha (111) kwenye nyuzi 43.3 na cha (200), yaani cha uso wa mchemraba, kwenye nyuzi 50.4. Kwenye unga wa shaba usio na mpangilio, cha pili huwa chini ya nusu ya cha kwanza. Kwenye mkanda wenye mchemraba, cha kwanza karibu kinatoweka na cha pili kinasimama peke yake. Hilo linathibitisha tu kwamba uso wa mchemraba umetazama juu. Kujua kama kingo nazo zimefuata mstari kunahitaji kipimo cha kuzungusha sampuli.

Kazi ikienda mrama

*Kingo zinapasuka kabla ya milimita 1.* Kingo hazikulainishwa kwa tupa, au shaba si safi. Kata sehemu iliyopasuka mara moja; ufa hauponi, unasafiri. Ukirudia kwenye basiba nyingine ya duka lile lile na hali ikawa ile ile, badilisha duka.

*Mkanda unajikunja juu au chini unapotoka.* Rola moja ina oili zaidi ya nyingine. Futa zote mbili, anza upya kwa tone sawa.

*Unene haushuki tena hata ukikaza.* Rola zenyewe zinajibana badala ya mkanda. Badilisha oili na upitishe mara mbili kwenye mkazo ule ule kabla ya kukaza tena. Ukikwama kwenye 0.18 mm, simama hapo: bado una punguzo la asilimia 96.4, na hilo linatosha kujifunzia.

*Masikio yako kwenye nyuzi 45.* Ama joto halikufika, rudi kwenye jaribio la alumini, ama punguzo halikutosha. Chukua kipande kingine ambacho hakijapashwa na ukipashe upya. Masikio yakibaki pale pale, kosa liko kwenye rola. Soma daftari lako la vipimo.

*Masikio ni madogo, na mkanda unametameta.* Mara nyingi kuna mtu aliupasha katikati, au shaba ina fosforasi. Kipande kipya kutoka basiba nyingine kitakuambia ni lipi.

*Chembe kubwa zinaonekana kwa macho.* Joto limezidi. Pima tena kwa chumvi.

*Mkanda unavunjika kama biskuti ukiukunja.* Huo ni ugonjwa wa hidrojeni. Makaa hayakukauka.

*Umeme umekatika katikati ya saa ile.* Usifungue. Kama tanuri lilikuwa limefika 700 °C na kukaa hata dakika 20, huenda kazi imeisha: liache lipoe, kisha pima kikombe kimoja. Likiwa lilikatika njiani, subiri umeme urudi, panda tena na uhesabu saa nzima. Chembe zikishalala kwenye mchemraba, kupasha mara ya pili kwenye joto lile lile hakuzivurugi.

Ukiwa tayari kwa nikeli

Mikono yako ikishazoea, hatua zinabaki zile zile, lakini mambo machache yanabadilika. Mchanganyiko unaotumika sana ni nikeli yenye tungisteni asilimia 5 kwa idadi ya atomi. Kwa uzito hiyo ni asilimia 14 hivi, na walioagiza bila kutaja ni asilimia ya nini wameletewa chuma kingine kabisa. Tungisteni huongeza nguvu ya mkanda na kupunguza usumaku wa nikeli, lakini ukiizidisha sana kupita hapo mchemraba unakuwa mgumu kupatikana.

Joto hupanda hadi kati ya 1,000 na 1,100 °C, ndani ya argoni yenye hidrojeni asilimia 4 au 5. Makaa hayafai tena, kwa kuwa nikeli hunywa kaboni. Oili yenye salfa, kama zile za gia za magari, iwe mbali na rola. Kazi hii ni ya maabara yenye mfumo wa gesi na bomba la kutolea nje. Usiijaribu kwenye tanuri la karakana, kwani hidrojeni ikikusanyika kwenye chumba kilichofungwa hulipuka.

Na ukiona mkanda wa msingi unaouzwa ukiwa wa Hastelloy (aloi ya nikeli), usiutafutie mchemraba kwenye chuma: haupo, na haukukusudiwa kuwepo. Watengenezaji wake huupanga mpangilio juu ya chuma, kwenye tabaka jembamba la oksidi ya magnesiamu linalowekwa huku likipigwa na miale ya ioni. Hapo rola ina kazi moja tu, kutoa uso laini.